Vipimo Vinane Vitupu

Tulimzika Mwalimu Damasi mwezi uliopita, Mtwara mjini, na baada ya mazishi wanakwaya wa zamani tuliombwa tubaki tule pamoja. Tulikaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba yake, wanaume upande wa ukuta, wanawake upande wa jiko, kama tulivyokuwa tukikaa zamani baada ya mazoezi. Mmoja wetu alisimama kumshukuru marehemu. Alisema Mwalimu alifundisha nota hata watu ambao barua walikuwa wanasomewa, kisha akanitaja kwa jina. Alisema Tekla alikuja kwenye kwaya hawezi hata kujitambulisha, na Mwalimu ndiye aliyempa ile namna ya kubuni mapigo ambayo watu wanaikumbuka mpaka leo. Wote waligeuka kunitazama. Nikainamia sahani yangu. Alichosema si uongo, ila kina shimo katikati, na Mwalimu hayupo tena kwamba nitamwendea nimweleze. Ndiyo maana ninaandika. Ninaandika mchana, wateja wa chai wakishapungua, kwa sababu hapa Kilambo watu wa kuvuka kwenda Msumbiji huwahi asubuhi na baada ya hapo banda langu hubaki na mimi na sufuria tu. Maneno yananijia taratibu. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, na kila sentensi naikagua kama mtu anayechambua mchele.

Mwaka ninaousema ni ule ambao watu wa gesi walijaa mjini, vyumba vikawa havipatikani. Mimi nilikuwa na chumba, kama stoo inaweza kuitwa chumba. Nilifanya kazi za ndani kwa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa karibu na soko, na godoro langu lilikuwa kati ya marobota ya khanga na vitenge. Hata sasa nikifungua khanga mpya, ile harufu ya gundi na rangi hunirudisha pale. Mwenye nyumba nilimwita Mama Nasrini, kwa jina la binti yake mkubwa aliyekuwa ameolewa. Yeye aliniita dada. Mumewe aliniita dada, wateja waliniita dada, na fundi cherehani wa barazani aliniita dada. Hakuna aliyekosea, ndivyo wasichana wa kazi wanavyoitwa. Lakini zilipita wiki ambazo jina langu halikutamkwa na kinywa chochote, na kuna siku nilijikuta nalitamka mwenyewe jikoni, kwa sauti ndogo, niangalie kama bado linasikika kama la mtu.

Hawakuwa watu wabaya. Nilipika dengu, wali, chapati, na kuku siku ya Ijumaa, wakala mezani, na sehemu yangu ikawekwa kwenye bakuli la kijani nile jikoni na achari ya maembe. Mama Nasrini hakuwahi kunipimia chakula. Ila walipokuwa wanakula waliongea lugha yao, na mimi nilikaa kwenye kigoda upande wa pili wa pazia, nasikiliza maongezi ambayo sikuelewa hata neno. Kwa kuwa maneno hayakuwa yangu, nilibaki na mwendo wake. Nilijua Mama Nasrini akimsimulia mumewe habari ya duka, maneno yanakwenda mafupi mafupi, kisha moja refu. Akiongea na dada yake wa Mikindani kwenye simu, yanakwenda mbio kama mvua kwenye bati, yanakatika, yanaanza tena. Baadaye, nilipojua nota, ningeweza kuandika hasira yake kwenye karatasi bila kujua ilimhusu nani.

Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi alinipa ruhusa. Aliniambia niende kwenye sala yangu na nirudi kabla mumewe hajafunga geti. Ndivyo nilivyofika kwenye kwaya. Nilikuwa nimesimama mlangoni nawasikiliza wanavyofanya mazoezi, mtu mmoja akanisukuma ndani akidhani nimechelewa, nikawekwa kwenye sauti ya pili, pembeni ya mama mmoja mnene aliyeitwa Mama Fides. Huyu aliuza pweza na mihogo ya kukaanga stendi, na alikuwa na sauti iliyozoea kuita wateja waliokwisha kupanda basi. Mimi sauti haikutoka. Nilifungua mdomo, nikahisi pumzi inapita, lakini hakuna kilichosikika. Mama Fides alivumilia mazoezi mawili, ya tatu akaniinamia akaniuliza mdomo wangu umeshonwa na uzi gani, wa pamba au wa nailoni. Sauti yote ya pili ikacheka. Nilidhani nitaondoka na sitarudi. Lakini Mwalimu Damasi, ambaye alikuwa mbele kwenye kinanda, hakuwa anautazama mdomo wangu. Alikuwa anatazama vidole vyangu vilivyokuwa vinagonga ubao wa benchi. Aliniita mbele, akanionyesha ngoma, akasema kwaya si mkutano, kila aliyekuja lazima atoe kitu, na kama koo halitoi basi mikono itatoa.

Mwalimu alikuwa mtu wa Bukoba, mwalimu wa shule aliyehamishiwa kwetu, mrefu, mwenye tabia ya kusafisha miwani kila alipotaka kufikiri. Alitaka wapiga ngoma wasome. Watu walimshangaa. Ngoma, walisema, mtu anasikia tu anapiga. Mpiga ngoma wa pale alikuwa kijana anaitwa Bosko, dereva wa bajaji, mwenye mikono mizuri sana, na Bosko alisema wazi kwamba karatasi haijawahi kumchezesha mtu. Lakini Mwalimu alikuwa ametunga wimbo wa sikukuu ya parokia, na ngoma zake alikuwa ameziandika, pigo kwa pigo, naye alitaka ziende vile. Akatukalisha sisi wawili kila Jumamosi kabla ya mazoezi ya wote. Nota ya pigo moja tuliiita ta. Pigo likigawanywa mara mbili, tate. Likigawanywa mara nne, tafatefe. Mguu unashika mapigo chini, mdomo unataja, mikono inapiga kilichoandikwa. Na ile alama ya kimya, iliyokaa kama mdudu aliyejikunja, hatukuiruka. Tulipoifikia tulifungua viganja, tukavionyesha mbele, vitupu, mpaka pigo lake liishe. Mwalimu alisema asiyehesabu kimya hajui kusoma.

Mimi nilisoma vibaya siku zote za maisha yangu. Darasani niliposimamishwa kusoma kitabu, kila neno lilikuwa mlango uliofungwa. Nilisimama mbele yake mpaka mwalimu aliponichoka. Mwalimu Damasi aliposikia ninavyosoma nota alinipa sheria moja. Alisema, "Mwanangu, nenda polepole unavyotaka, hata kama kobe. Lakini usisimame." Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Nikaichukua sheria ile nikarudi nayo kwa Mama Nasrini. Nilikata vitunguu kwa ta. Nilisukuma chapati kwa tate, kwenda na kurudi. Nilifua mashuka huku mguu wangu ukishika mapigo kwenye sakafu ya uani, na pale penye kimya niliiacha nguo ndani ya maji nikafungua viganja vyenye povu mbele ya ukuta. Siku moja Mama Nasrini aliingia jikoni akaniuliza nani anagonga mlango wa nyuma. Nikamwambia hakuna mtu, mama. Akasema yeye anasikia mtu anagonga, anagonga halafu anaacha, kama mwizi anayesikiliza. Kesho yake mumewe aliweka komeo jipya. Siku iliyofuata Mama Nasrini alinikuta na kifimbo cha chapati mkononi na mguu unatembea peke yake, akautazama mguu ule. Kisha akasema basi nigonge taratibu, Baba Nasrini ana presha. Ni maongezi marefu kuliko yote tuliyowahi kufanya mimi na yeye katika miezi ile.

Ninapoyakumbuka mazoezi yale sasa, kinachonijia kwanza si muziki, ni upweke wake. Mapigo yanahitaji watu wawili. Mmoja ashike, mwingine acheze juu yake. Mwalimu alituambia tufanye hivyo mimi na Bosko katikati ya wiki, lakini Bosko alikuwa barabarani na bajaji, tena hakuitaka karatasi, kwa hiyo nilikuwa wote wawili. Mguu wa kulia ulikuwa mtu mmoja, mikono ilikuwa mtu mwingine. Kuna nyakati walikosana. Kuna nyakati walipatana kabisa, na hapo nilisikia furaha ambayo sikuwa na wa kumwambia, nikaendelea kumenya viazi.

Baadaye Mwalimu alituletea karatasi ya wimbo wenyewe. Nilifurahi, nilikuwa naweza kuisoma tangu mwanzo mpaka chini bila kusimama. Lakini katikati ya ukurasa wa pili kulikuwa na vipimo vinane visivyo na kitu. Mistari imechorwa kwa rula, visanduku vimegawanywa, kila kipimo na chake, ndani hamna nota, na juu yake ameandika neno moja kwa kalamu nyekundu: jaza. Pale, alieleza, kwaya itanyamaza, kinanda kitanyamaza, ngoma itabaki peke yake, na mpigaji atapiga chake. Hatapewa. Bosko alicheka akasema hapo sasa ndipo kanisa litajua. Akapiga, na kweli alipiga vizuri, mbwembwe nyingi, ingawa alitoka nje ya vipimo vinane akaingia cha kumi na kitu. Mwalimu akanigeukia. Mguu wangu ulikuwa tayari unashika. Nikaweka mikono kwenye ngozi, nikaiachia. Ilipiga mara mbili, nikaona inakokwenda, nikaiondoa kwenye ngoma kama iliyoungua.

Bosko alisema Tekla ameishiwa chaji. Alisema, "Huyu ni Tekla wa karatasi. Mwondolee karatasi, anazima." Waliokuwepo walicheka, si kwa ubaya. Mwalimu alisafisha miwani akaniambia nisione haya, nitoe tu kile nilichonacho. Na hilo ndilo lilikuwa tatizo langu. Nilikuwa na kitu kimoja tu, na kitu hicho hakitolewi.

Mimi nimechezwa unyago, kama wasichana wa kwetu. Mambo ya ndani hata hapa sitayaandika, na mwanamke wa kwetu akisoma ataelewa kwa nini. Naweza kusema hivi tu. Kuna ngoma zinazopigwa uwanjani, watu wote wanazisikia, wanaume kwa watoto. Na kuna mdundo mmoja unaopigwa mlango ukishafungwa, wapo wanawake na mwali peke yao. Wenzangu waliusikia ukapita. Mimi uliniingia. Kungwi wangu aliona, akaniwekea mikono yake juu ya yangu akanifundisha mpaka nikaujua, na siku ya kutoka akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba huo nimeukuta hapo na nitauacha hapo. Niliuacha. Sikuwahi kuupiga tena popote. Lakini mikono yangu haikuwahi kufundishwa kitu kingine kabla ya Mwalimu. Nikiipa karatasi, inafuata karatasi. Nikiiambia iende yenyewe, inakwenda kwenye chumba kile chenye mlango uliofungwa.

Ningemweleza nani? Mwalimu ni mwanamume, tena wa mbali. Kumwambia tu kwamba kuna mdundo ambao siwezi kuupiga mbele yake ni sawa na kufungua mlango kidogo achungulie. Kungwi wangu alikuwa kijijini na hakuwa na simu, na hata angekuwa nayo, mambo yale hayasemwi kwenye simu. Kwa hiyo wote walibaki na maelezo yao, kwamba ninaona haya, na mimi nikakubali, kwa kuwa haya nilikuwa nayo ya kutosha. Mwalimu alisema wazi mbele ya wote kwamba Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu atachagua kati yangu na Bosko, na ngoma ni moja. Nilijua maana yake. Nisipokuwa kwenye ngoma nitarudi sauti ya pili, na sauti ya pili sina sauti. Nitakaa nyumbani Jumamosi. Na pale kanisani ndipo mahali pekee mjini palipokuwa na mtu wa kuniita Tekla, hata kama ni kwa kunicheka.

Nikaanza kutafuta cha kujaza. Nilisikiliza cherehani ya fundi wa barazani, jinsi alivyokanyaga, akaachia, akakanyaga. Nilisikiliza malori ya saruji yakipunguza mwendo kwenye matuta. Nilijaribu kuiga mbwembwe za Bosko kwenye ndoo iliyogeuzwa. Vyote niliweza kuvipiga, kwa sababu vyote niliviweka kwanza kichwani kama karatasi, na vilisikika hivyo hivyo, kama mtu anayesoma tangazo. Nikiacha kuvishika, mikono inarudi kulekule. Nikawa naogopa hata kukanda unga bila kufikiri.

Kilichobadilisha mambo kilikuja kama mchezo. Jumamosi moja Mwalimu alikuwa na furaha, akasema leo tutasoma kinyume. Penye nota, nyamaza, fungua viganja. Penye kimya, piga. Alitaka tu tuzoee kuzipa alama za kimya heshima ileile tunayozipa nota. Bosko alijaribu mistari miwili akasema kichwa kinamuuma, hii ni kazi ya kuvaa shati nje ndani. Mimi niliifanya polepole bila kusimama. Ilikuwa ngumu kwa namna ambayo sijui kuieleza vizuri. Ule wimbo ambao hupigi unabaki unapigwa kichwani, wenye nguvu kabisa, na mikono inazunguka pembezoni mwake, inagusa pale tu ambapo wenyewe haupo. Anayesikia nje anasikia kitu kingine, cha ajabu kidogo, chenye mapengo. Niliporudi nyumbani, nikiwa nimeshika kisu na bamia mkononi, wazo likaja lote kwa mara moja, nikakaa chini kwenye kigoda.

Niliwaza hivi: nikiuacha mdundo ule upigwe kichwani, kimya, na mikono yangu ikapiga pale tu ambapo mdundo wenyewe umenyamaza, je, nitakuwa nimeutoa? Hakuna pigo lake hata moja litakalosikika. Mapigo yote yatakuwa yangu. Upande mmoja nilijiambia ni halali kabisa. Upande mwingine nilijiambia kwamba anayechora ukuta wote akaacha kivuli cha mtu amemchora mtu. Nilibishana hivyo na nafsi yangu siku nyingi, huku natia nazi kwenye samaki na kukunja nguo za watu. Nilitamani mtu mmoja tu wa kumwuliza. Nikakumbuka kwamba Mama Fides ni mtu wa kwetu, alitoka upande wa Newala. Baada ya misa moja nilimkuta bombani anaosha sufuria za kwaya, nikachukua jivu nikaanza kumsaidia. Niliposogea karibu nikamwuliza, kwa sauti ambayo sijui hata niliitoa wapi, kama mtu akijua ngoma ya ndani, na akataka kupiga nje kitu ambacho siyo hiyo ngoma lakini... Hakuniacha nimalize. Alisema, "Hayo hayasemwi bombani," akasuuza sufuria akaondoka. Sasa nilikuwa na jibu ambalo si jibu, na zaidi ya hapo nilikuwa na mtu ambaye atasikia. Katika kanisa zima wanawake wa kwetu walikuwapo, lakini huyu nilikuwa nimemwamsha mwenyewe. Akiona nimefanya vibaya, neno moja lake lingefika kijijini kwetu kabla yangu, na mlango ungefungwa, mimi nikiwa upande wa nje.

Jumamosi ya kuchagua Mama Fides hakuja, pweza walikuwa wengi sokoni na hakutaka kuikosa siku. Nadhani angekuwepo nisingepiga. Bosko alianza, akapiga vizuri, akavipita tena vipimo vinane. Nikafuata mimi. Niliufunga mlango kichwani, nikaacha mdundo uanze mle ndani, nikafungua viganja, na pale uliponyamaza nikapiga. Kwaya ilikuwa inapiga soga, ikaacha. Sikusikia walichosikia wao. Mimi nilikuwa nasikia vyote viwili, na mguu wangu katikati umevishikilia kama kamba. Vilipoisha vipimo vinane nilisimama hapohapo, kinanda kikaingia. Mwalimu hakusafisha miwani. Aliivua tu akaishika. Kisha akaniuliza nimetoa wapi kitu kile, na nikamwambia kwenye zoezi lake la kusoma kinyume. Ilikuwa kweli. Alifurahi sana, na Bosko, nampa haki yake, alinipa mkono akasema, "Haya, karatasi imeongea," akachukua kayamba.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa mpaka nje. Mama Nasrini alikuwa ameniruhusu siku nzima, na asubuhi alinipa khanga mpya kutoka dukani, bado imekunjwa, akasema kwa mkato kwamba nisivae ile iliyochanika mbele za watu. Nilipokaa kwenye ngoma nilimwona Mama Fides mstari wa mbele wa sauti ya pili, karibu nami kiasi kwamba nilisikia harufu ya mafuta ya nazi kichwani kwake. Wimbo ulianza. Nilisoma kila kitu kama kilivyoandikwa. Tulipofika ukurasa wa pili kwaya ikanyamaza, kinanda kikanyamaza, na ule ukimya wa watu wengi ukaja kwenye ngozi ya ngoma. Nikaingia. Kipimo cha kwanza kilikwenda, cha pili kikaenda. Nilimwona Mama Fides anageuza kichwa. Hakunitazama, aligeuza sikio tu, na shingo yake ikakaa vile bila kusogea. Niliogopa, lakini mguu haukusimama. Kuelekea mwisho kuna mahali ambapo mdundo wenyewe una pigo moja zito, peke yake, na ndipo mikono inatakiwa ikae wazi muda mrefu kuliko popote. Nilifika pale, na mkono wangu wa kulia ukashuka. Ulishuka wenyewe. Pigo lile likasikika kanisa zima. Watu walidhani ni sehemu ya uzuri wake. Kuna waliopiga vigelegele. Nilimaliza kipimo cha mwisho, kwaya ikaingia, na sikusikia kilichobaki cha misa.

Chakula kilikuwa pilau, uani. Nilichukua sahani yangu nikakaa kwenye ngazi ya nyuma ya ukumbi, mbali na wenzangu, nikisubiri kitakachokuja. Watu walipita wakanipongeza nikawaitikia. Kisha Mama Fides alikuja na sahani yake, akajiachia kwenye ngazi ile kwa uzito wote, akala matonge kadhaa. Alikuwa mtu wa kusema sana, na kimya chake kilinitisha kuliko kelele zake.

"Nilikuwa nahesabu na wewe," akasema.

Nikaishika sahani yangu kwa mikono miwili.

"Toka unaanza. Nikasema huyu mtoto anafanya nini. Halafu nikajua. Nikawa nahesabu." Alitafuna nyama, akaweka mfupa pembeni ya sahani. "Moja ilitoka."

"Najua, mama."

"Ile nzito."

"Najua. Mkono ulishuka."

"Isitoke tena." Alisema hivyo kama anayemwambia mtu afunge bomba vizuri. Nilisubiri mengine, habari ya kijijini, habari ya kungwi wangu, aibu. Hayakuja. Alinitilia nusu ya nyama yake kwenye pilau yangu, akaniambia nile, mbavu zangu zinahesabika, akaendelea kulalamika kwamba pilau ya mwaka huu imepikwa na mtu mwenye hasira na mchele.

Nililia pale, kidogo, nikijifanya ni pilipili. Watu wa nje hufikiri mpweke anataka maongezi. Mimi mwaka ule wote nilizungukwa na maongezi. Nilichokosa ni mtu wa kushika mapigo upande wa pili. Na kumbe katikati ya misa, nilipokuwa na hofu kuliko siku yoyote, mwanamke niliyemwogopa alikuwa ndani ya chumba kilekile kichwani mwake, anapita na mimi kutoka kipimo hadi kipimo, na alijua nilipokosea kwa sababu alikuwepo. Mwalimu, Mungu amrehemu, alinipa macho ya kusoma na njia ya kugeuza. Alikufa bila kujua vipimo vyake vinane vilijazwa na nini. Aliyesema pale msibani kwamba yeye ndiye aliyenipa kile nilichopiga, nilimwacha aseme, maana kumsahihisha kungetaka nieleze, na siwezi kueleza.

Jumapili iliyofuata wimbo uliombwa tena. Wiki nzima nilikuwa nimeurudia ule mkono wa kulia, kwenye unga, kwenye maji ya kufulia, nikifika pale nakaza bega, na mara nyingine bado ulishuka. Niliingia kanisani sijui kama utanitii. Kwaya iliposimama nikaona Mama Fides amebadilishana nafasi na mwenzake, amekuja mwisho kabisa wa mstari, mahali ambapo mguu wake ulionekana kutoka kwenye ngoma. Alivua kandambili moja. Kinanda kiliponyamaza, kidole chake kikubwa kilianza kugusa sakafu, taratibu, bila sauti, mahali ambapo mimi sikupiga. Hakunitazama hata mara moja. Tulikwenda hivyo, yeye chini, mimi juu, na tulipofika kwenye lile pigo zito aliushusha mguu wake wote kwenye saruji, ukakaa, na mikono yangu ikabaki hewani.